Msaidizi wa darasa la elimu maalumu: kazi ipo, leseni iko wapi?

Swali hili limekuwa likitufikia mara kwa mara kutoka Mbagala, Chamazi, Bunju na Mabwepande, na hata kwa wasikilizaji wetu wa Mkuranga na Kisarawe: "Nataka kuwasaidia watoto wenye ulemavu darasani. Nisome wapi, na leseni yake naipata wapi?"

Wanaouliza ni wa aina mbili. Kuna vijana waliomaliza kidato cha nne wanaotafuta kazi yenye maana. Na kuna akina mama ambao tayari wanaifanya kazi hiyo bila kuiita kazi. Mama anamfunga mtoto wake mgongoni, mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo, anapanda naye daladala, anamfikisha shuleni, kisha anakaa hapo chini ya mwembe mpaka saa nane mchana kwa sababu hakuna mwingine wa kumpeleka chooni wala wa kumlisha uji. Baada ya miaka miwili mama huyo anawajua watoto wote wa kitengo, na walimu wanamwita wakizidiwa. Hana cheti wala mshahara, na biashara yake ya maandazi ilishakufa.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ni ipi, sheria inasemaje, njia za kusomea ni zipi, na mambo ya kuangalia kabla hujatoa hata shilingi moja ya ada.

Tuanze na leseni

Tuseme wazi mapema. Kwa Tanzania, leseni katika elimu ni ya mwalimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka msingi kwamba mtu hafundishi shuleni mpaka awe amesajiliwa kuwa mwalimu au amepewa leseni ya kufundisha. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, inayohusu usajili, leseni na maadili ya walimu wote, wa serikali na wa binafsi. Kwa walimu walio kwenye utumishi wa umma, masuala yao ya ajira na nidhamu yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Msaidizi wa darasa hana daraja lake la pekee lenye leseni katika mpangilio huo. Shule za serikali zenye mabweni huwa na walezi, yaani matroni na patroni. Baadhi ya shule binafsi huajiri wasaidizi wanaokaa na mtoto mmoja au wawili darasani. Vituo vya taasisi za dini na mashirika navyo vina wahudumu wao. Wote hao wanafanya kazi ya kweli, lakini kinachowapa kazi ni mkataba na mwajiri, pamoja na cheti cha fani waliyosomea kama wanacho.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mtu akikufuata akakwambia lipa laki mbili akupatie "leseni ya msaidizi wa elimu maalumu", muulize ni sheria gani inayomruhusu kuitoa. Akianza kuzungukazunguka, funga pochi yako.

Wenye ndugu Marekani huenda wamesikia habari tofauti, nao hawajadanganywa. Kule kazi hii inatambuliwa kisheria, na majimbo kama Illinois na Texas hutoa leseni au cheti kwa wasaidizi wa darasa. Sheria ya shirikisho iliyopita mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma shule za umma, na shule zikahitaji watu wengi wa kusaidia. Lakini leseni ya Illinois haimpi mtu kazi Temeke, na cheti cha Temeke hakimpi mtu kazi Illinois.

Kwa nini watu hawa wanahitajika

Elimu ya watoto wenye ulemavu nchini ilianza na makanisa. Shule ya Buigiri, Dodoma, ilianza kupokea watoto wasioona mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana. Shule ya viziwi Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Hapa Dar es Salaam majina yanayofahamika ni Uhuru Mchanganyiko na Buguruni Viziwi upande wa Ilala, Sinza Maalumu ambayo sasa iko Wilaya ya Ubungo, na Jeshi la Wokovu pale Mgulani, Temeke, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo.

Angalia ramani hiyo vizuri. Shule nyingi kati ya hizo ziko katikati ya jiji au karibu na katikati, ilhali familia zimehamia pembeni, kwenye viwanja vya bei nafuu. Kutoka Mbande au Mabwepande, mtoto asiyeweza kutembea anahitaji bodaboda hadi barabara ya lami, kisha daladala moja au mbili. Ndiyo maana vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida vina umuhimu mkubwa. Kitengo ni darasa au madarasa machache ndani ya shule ya msingi ya kawaida, yenye mwalimu aliyesomea elimu maalumu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule jumuishi pamoja na wenzake, na kupewa msaada anaohitaji ili ajifunze. Baada ya ada kufutwa kuanzia mwaka 2016 katika shule za serikali, msingi mpaka kidato cha nne, madarasa yalijaa zaidi. Mwalimu mmoja anayebaki na watoto wenye mahitaji tofauti, huyu amejisaidia, yule ameanguka kifafa, mwingine ametoka nje anakimbilia barabarani, hafundishi tena. Anazima moto tu.

Kwa nini mwalimu mkuu haajiri msaidizi?

Wazazi wengi hukasirika hapa, wakidhani mwalimu mkuu hataki. Tufanye hesabu ndogo. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Shule ya wanafunzi 800 kwa kiwango hicho ni shilingi milioni 8 kwa mwaka mzima: chaki, karatasi, mitihani, ukarabati, na mengineyo. Ukimlipa msaidizi mmoja shilingi 150,000 tu kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 1,800,000. Hiyo inakaribia robo ya fedha zote. Isitoshe, ruzuku ina miongozo yake ya matumizi, na mwalimu mkuu hana mamlaka ya kuajiri watumishi wa umma.

Ndiyo maana katika shule za serikali kazi hii mara nyingi hufanywa na wazazi wa zamu, watu wa kujitolea, au mlezi anayelipwa kwa michango ya wazazi waliyokubaliana kwenye kikao. Posho ya namna hiyo huja na kukatika. Anayeingia kwa njia hii ajue hivyo tangu mwanzo, asije akaacha kibarua chake akitegemea mshahara ambao haujaandikwa popote.

Njia nne za kuingia

Njia ya kwanza ni ya malezi. Hii inamfaa aliyemaliza darasa la saba, au aliyemaliza kidato cha nne ufaulu ukawa mdogo. Baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vina mafunzo ya malezi ya watoto wadogo, na fani ya ustawi wa jamii nayo ina ngazi za cheti na stashahada. Chuo cha Ustawi wa Jamii kiko Kijitonyama, Wilaya ya Kinondoni, hapa hapa mjini. Mafunzo hayo hayakufanyi uwe mwalimu wa elimu maalumu, lakini yanakufundisha makuzi ya mtoto, usafi, lishe na ulinzi wa mtoto, na ndivyo vitu ambavyo mwajiri wa msaidizi huvitafuta kwanza.

Njia ya pili ni kubobea kwenye stadi moja. Anayejua lugha ya alama anahitajika shuleni, hospitalini na hata mahakamani. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndicho cha kuanzia kuuliza, na walimu bora wa lugha hiyo ni viziwi wenyewe. Vivyo hivyo kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona: herufi hujengwa kwa nukta sita zinazosomwa kwa vidole, na mtu anayeona anaweza kujifunza kuzisoma kwa macho. Stadi kama hizi hazikuzuii kuendelea na shughuli zako unapojifunza.

Njia ya tatu ni ualimu wenyewe. Chuo cha Ualimu Patandi, kilichoko Tengeru mkoani Arusha, ndicho chuo cha serikali kinachojulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Humo mwanachuo hujikita kwenye eneo moja, kama watoto wasioona, viziwi, au wenye ulemavu wa akili. Sifa za kujiunga na vyuo vya ualimu hutangazwa na Wizara ya Elimu kila mwaka, na kwa miaka ya karibuni mwelekeo umekuwa kuwataka walimu wa msingi wafikie stashahada. Kwa hiyo usitegemee sifa alizokwambia jirani aliyesoma miaka kumi iliyopita. Soma tangazo la mwaka wako. Ukimaliza na kufaulu ndipo habari ya usajili na leseni ya ualimu inapokuhusu. Nafasi za serikali huombwa kwa mtandao pale zinapotangazwa, na maombi hayo hayalipiwi kwa mtu yeyote.

Mwalimu aliye kazini naye anaweza kwenda Patandi au chuo kikuu kubadili fani, kwa ruhusa ya mwajiri wake. Andika barua kupitia kwa mwalimu mkuu mapema, kwa sababu ruhusa ya masomo huingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri.

Njia ya nne ni shahada. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya elimu maalumu, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilichoko Tabora kimekuwa kikiifundisha pia. Mwenye sifa za kidato cha sita anaweza kuomba mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

Msaidizi mzuri anafanya nini hasa

Wengi hudhani kazi hii ni huruma tu. Huruma inakuingiza mlangoni, lakini kinachomlinda mtoto ni kujua unachofanya.

Chukua ulishaji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa amelala chali, chakula au uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumpaliza, au kumletea homa ya mapafu. Anatakiwa akae wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, alishwe kijiko kidogo kidogo na asubiriwe ameze. Chukua kifafa. Mtoto akianguka, ondoa vitu vyenye ncha, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, na uangalie saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali haraka. Na kifafa hakiambukizi kwa mate. Dhana hiyo imewafanya watoto wengi waachwe wakiumia peke yao mbele ya watu.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji kukaa karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha, na avae kofia pana na mikono mirefu wakati wa mchakamchaka. Mtoto mwenye usonji anaweza kuvurugwa na kelele za kengele au ratiba iliyobadilika ghafla. Picha zilizopangwa kwa mfuatano, uji, darasa, michezo, nyumbani, humsaidia kujua kinachofuata. Mtoto kiziwi anahitaji uso wako: ukimgeuzia mgongo huku ukiongea, umemfungia mlango.

Lakini kuna jambo moja ambalo hata wazoefu hukosea, nalo ni kumsaidia mtoto kupita kiasi. Uingereza na Wales, ambako shule zina wasaidizi wengi sana, utafiti mkubwa uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2009 chini ya Peter Blatchford wa London ulikuta jambo lililoshangaza wengi: wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo zaidi kimasomo kuliko wenzao waliofanana nao. Watafiti hawakusema wasaidizi ni wabaya. Waliona kwamba mwalimu alimwachia msaidizi mtoto mgumu, yeye akafundisha wengine. Mtoto aliyemhitaji zaidi mwalimu ndiye aliyempata kidogo zaidi.

Somo hilo linatuhusu hata sisi wenye upungufu. Msaidizi yuko ili mwalimu apate nafasi ya kumfikia kila mtoto. Mtoto anayeweza kushika kijiko, ashike, hata kama nusu ya uji itamwagika. Anayeweza kuvaa shati kwa dakika kumi, apewe hizo dakika kumi. Na asikae kona yake na msaidizi wake siku nzima, kama mgeni kwenye darasa lake mwenyewe. Aketi na wenzake, nawe usogee pale unapohitajika.

Ulinzi wa mtoto kwanza

Tunalisema hili bila kuficha. Msaidizi anamwogesha mtoto, anambadilisha nguo, anabaki naye chooni. Baadhi ya watoto hawa hawawezi kueleza wakifanyiwa ubaya. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza maswali magumu, na msaidizi mwaminifu hachukii kuulizwa.

Shule au kituo kinachomchukua msaidizi kinapaswa kudai kitambulisho cha taifa, barua ya serikali ya mtaa, majina ya wadhamini, na ikiwezekana cheti cha tabia njema kutoka polisi. Huduma za usafi zifanyike kwa utaratibu unaojulikana na mwalimu, na mtu mwingine awe karibu. Ukiona dalili za mtoto kuumizwa au kunyanyaswa, piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa.

Haki zako nawe

Ukiajiriwa na shule binafsi au kituo, dai maelezo ya ajira kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe. Yaonyeshe kazi yako ni ipi, saa za kazi, mshahara na likizo. Mshahara wa sekta binafsi una kima cha chini kinachowekwa na serikali kwa amri, na michango yako ya NSSF ipelekwe kweli, uifuatilie kwenye simu. Ukiambiwa "utajitolea kwanza miezi mitatu", uliza kwa maandishi nini kinafuata mwezi wa nne.

Ukijitolea shule ya serikali, fuata utaratibu. Anza kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, awe wa Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni au Jiji. Omba barua inayoonyesha tarehe ulizofanya kazi na ulichokifanya. Barua hiyo ndiyo ushahidi wako siku ukiomba chuo au kazi ya malipo.

Kwa mama aliye chini ya mwembe

Tumalizie na wale ambao tayari wapo shuleni kila siku. Mama, mnaweza kuanza kwa mambo matatu ambayo hayahitaji chuo. Kwanza, ombeni kikao cha wazazi wa kitengo na kamati ya shule, mpange zamu, ili kila mmoja akae siku moja au mbili kwa wiki na siku nyingine afanye biashara yake. Watoto sita wakiwa na mama sita, kila mama anabaki na siku chache za kukaa shuleni badala ya tano. Pili, mwombeni mwalimu wa elimu maalumu saa moja kila mwezi awafundishe wote kulisha, kubeba na kuwasiliana, ili anayeshika zamu ajue kila mtoto. Tatu, wekeni daftari: nani alikuwepo, mtoto gani alianguka, saa ngapi, kilifanyika nini.

Daftari hilo litamsaidia daktari, litamsaidia mwalimu, na litamsaidia Afisa Elimu Maalumu anapoandika maombi ya walezi kwa halmashauri, kwa sababu ombi lenye tarehe na idadi lina uzito kuliko malalamiko ya mdomo. Na kama mmoja wenu ana cheti cha kidato cha nne kilicholala kabatini, akitoe, alinganishe na tangazo la vyuo la mwaka huu. Muda aliokaa na wale watoto hauandikwi kwenye sifa za kujiunga, lakini siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha ataingia darasani akijua mambo ambayo wenzake ndiyo kwanza wanayasoma.